Saa za Kwanza za Mwana-kondoo

Kondoo jike huchukua mimba muda wa miezi mitano, yaani siku 150 hivi. Mfugaji akiandika siku dume alipompanda, atajua wakati wa kuzaa, naye atamtayarishia mahali pakavu pasipopigwa na upepo. Katika nchi za baridi kama Molo na Kinangop, mwana-kondoo aliyelowa na ambaye hajanyonya aweza kufa usiku ule ule aliozaliwa.

Yampasa mfugaji kufanya mambo mawili. Kwanza, mtoto anyonye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, kabla ya kupita muda wa saa sita tangu kuzaliwa. Dang'a humtia joto na kumkinga na magonjwa. Lakini baada ya siku moja tumbo lake haliwezi tena kuipokea kinga hiyo. Pili, kitovu kitiwe dawa ya iodini, kwa maana vijidudu huingilia hapo.

Kuku wasilale katika zizi hilo, kwa kuwa mavi yao huchafua nyasi za kulalia. Tena chakula chao kiwekwe mbali: kondoo akila nafaka nyingi kwa ghafula, tumbo huchacha, naye aweza kufa.

Akeshaye zizini usiku mmoja huokoa mali ya miezi mitano.