Nafsi Nayo Ina Haki ya Huruma

Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, vita vilishuka hadi pwani ya Kismayo na kuwafikia Wabajuni wa visiwa vya Koyama, Chovae na Chula. Wengi walikimbilia Kenya kwa vyombo vya baharini. Baadhi yao waliishi katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Aliyeokoka safari kama hiyo huweza kubaki miaka mingi akijihukumu: mbona sikuondoka mapema, mbona nilimwacha mzee nyuma?

Hukumu hiyo ina uzito wa kitabibu. Tangu 2013, mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili umeorodhesha kujilaumu kusikolingana na ukweli miongoni mwa dalili za kiwewe. Mwanasaikolojia Mwingereza Paul Gilbert anaeleza kuwa ubongo huyapokea makaripio ya mtu kwa nafsi yake kama tishio la adui. Moyo huenda mbio, usingizi hukatika, na mtu hutafuta pa kujificha badala ya pa kuanzia.

Mwaka 2003, Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas aliichambua huruma kwa nafsi katika mambo matatu: kujisemesha kwa upole, kukumbuka kwamba kukosea na kuumia ni fungu la wanadamu wote, na kuutazama uchungu bila kuukana wala kuzama ndani yake.

Je, huko si kujidekeza? Mwaka 2012, Juliana Breines na Serena Chen wa California waliwapa wanafunzi mtihani mgumu. Walioelekezwa kujihurumia walijisomea kwa muda mrefu zaidi kabla ya mtihani wa pili kuliko waliosifiwa akili zao. Upole haukuwalegeza, uliwapa nguvu ya kurudia.

Karibu na kwetu, wakimbizi wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti katika makazi ya Rhino, Uganda. Matokeo yake yalichapishwa 2020. Baadhi yao walihudhuria vikao vitano vya mafunzo ya Shirika la Afya Duniani, yakiwemo ya kujitendea wema. Miezi mitatu baadaye, dhiki yao ya moyo ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao.

Kujihurumia hakufuti wajibu: penye kosa pana toba na kulipa haki ya mtu. Lakini aliyekimbia Chovae aliamua kwa alichokijua saa ile, hofu ikiwa imemshika. Ajuaye mengi leo asimhukumu yule aliyekuwa yeye siku hiyo.