Je, Wajua? Tuta la Mchanga Lililoigawa Sahara Magharibi

Je, wajua kuwa mojawapo ya kuta ndefu zaidi za kijeshi duniani iko Afrika, nayo imejengwa kwa mchanga na mawe? Ina urefu wa kilomita zipatazo 2,700 na inaikata Sahara Magharibi vipande viwili. Morocco iliijenga kati ya 1980 na 1987 kuwazuia wapiganaji wa Polisario, kundi linalopigania uhuru wa Sahara Magharibi, waliokuwa wakishambulia kwa Land Rover kisha kutokomea jangwani.

Ukiliangalia, tuta lenyewe halitishi. Kimo chake ni kama mita mbili au tatu tu. Kinachoua ni mabomu yaliyotegwa ardhini kandokando yake. Mvua ya ghafla huyang'oa na kuyasukuma mbali na yalipofukiwa, na mfugaji anayefuata nyayo za ngamia wake hana namna ya kujua.

Ukuta wa kwanza ulizingira miji ya Laayoune na Smara pamoja na machimbo ya fosfeti ya Bou Craa, ambako mkanda wa kilomita karibu 100 husafirisha madini hayo hadi pwani. Kuta zilizofuata zilizidi kusogezwa mbele, hadi Morocco ikashika takriban asilimia 80 ya eneo lote.

Lakini kushika ardhi ni jambo moja, kuwa na haki nayo ni jingine. Tarehe 16 Oktoba 1975, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikubali kuwa baadhi ya makabila ya huko yalikuwa na utii kwa Sultani wa Morocco, ila ikasema utii huo hauipi Morocco umiliki wa nchi. Wenyeji ndio waamue. Mwezi uliofuata, Wamorocco wapatao 350,000 waliingia Sahara Magharibi kwa maandamano.

Afrika yenyewe haijakubaliana. Jamhuri ya Wasahrawi, iliyotangazwa na Polisario kwa jina la wenyeji hao, ilipopokelewa mwaka 1982 katika OAU, umoja uliotangulia Umoja wa Afrika, Morocco ilikasirika na kujitoa miaka miwili baadaye. Ilirudi 2017, na leo wote wawili ni wanachama wa Umoja wa Afrika.

Gharama wanaibeba wananchi. Kuanzia 2004, UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ilizisafirisha kwa ndege familia zilizotenganishwa na mgogoro huu, zikakae siku tano na ndugu zao wa upande wa pili. Mpango ulisimama 2014. Na kura ya maoni ya kuamua hatima yao waliyoahidiwa Wasahrawi mwaka 1991 bado haijapigwa.