Majani Mabaya ya Malishoni

Sisi tunaokaa Minago kando ya Ziwa Tanganyika twajua samaki kuliko ng'ombe. Lakini wengi wetu wana jamaa nyuma ya milima ya Mumirwa, katika nchi za baridi za Bututsi na Mugamba, ambako ng'ombe ndio mali. Wakati wa likizo hutumwa kukata majani. Basi yafaa tuyajue.

Malisho mazuri si yale yenye jani la namna moja. Nyasi humshibisha ng'ombe, na klova, iliyo jamii moja na maharage, hurutubisha udongo kwa vinundu vya mizizi yake. Shida huanza ng'ombe wakizidi majani. Wao hula matamu kwanza na kuacha mabaya. Yaliyoachwa hutoa mbegu, yaliyoliwa hayapati nafasi. Hivyo ng'ombe mwenyewe hupalilia malisho kinyume!

Nitataja matatu tu. La kwanza ni ishinge, ambalo wataalamu huliita Eragrostis olivacea. Ni jani gumu, lenye chakula kidogo. Likienea kilima kizima, ujue udongo umechoka. La pili ni tunguja, lenye miiba na matunda ya manjano. Ng'ombe hulikwepa, nalo huzidi kuenea.

La tatu ndilo baya kuliko yote: kangaga la milimani. Machipukizi yake hujikunja kama mkia wa kinyonga. Shina lake hutambaa chini ya ardhi, kwa hiyo moto wa kiangazi hauliui. Huunguza jirani zake tu. Ng'ombe akilila siku nyingi hukojoa damu, na mwisho hufa. Sumu yake yaweza hata kuingia katika maziwa. Nalo likikauka bado ni hatari, basi lisitandikwe zizini.

Zamani ng'ombe alijichagulia. Lakini sheria ya Oktoba 2018 imekataza mifugo kuzurura katika Burundi; yapasa ifungwe na kuletewa chakula. Sasa mwenye kuchagua ni mkata majani. Ng'ombe aliyefungwa, akiwa na njaa, hula aletewacho.

Likizo iliyopita mimi nilikata mzigo kwa haraka ili niwahi mpira. Mjomba aliufungua, akatoa kangaga moja moja, akazipanga chini mbele yangu bila kusema neno. Zilikuwa kumi na moja. Niliona haya sana, maana ng'ombe yule ndiye aliyelipa karo yangu.

Basi, ndugu zangu, fungueni mzigo kabla ya kuutia horini. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio na malisho, msichome moto ovyo. Kateni kangaga mara mbili tatu kwa mwaka, majani yakiisha kukunjuka tu, mpaka shina lichoke. Pumzisheni kilima, nayo majani mema yatapata nafasi ya kurudi. Jicho la mkata majani ndiyo afya ya ng'ombe.