Kwa nini kifaranga wa baharini hulishwa windo lililorutubishwa

KIFARANGA wa sato huanguliwa akiwa na kiini kikubwa cha yai, na akiba hiyo inapokwisha huwa tayari ameweza kumeza unga laini. Mwenzake wa baharini hana bahati hiyo. Dorada, samaki afugwaye kwa wingi Ugiriki na Uturuki, huanguliwa akiwa na urefu wa takriban milimita 3. Baada ya siku tatu au nne mdomo wake hufunguka, akiba ikiwa karibu kwisha. Tumbo halijakomaa na jicho huvutiwa na kinachosogea. Asipopata windo hai, hufa njaa chakula kikielea kando yake.

Wajapani walipata ufumbuzi miaka ya 1960. Rotifa, kidudu cha majini kilichokuwa kero katika vidimbwi vya kufugia mikunga, kiligeuzwa kuwa chakula. Huogelea polepole na huzaana upesi. Kifaranga akikua hupewa Artemia, jamii ya kamba wadogo wa maji ya chumvi, ambao mayai yao makavu huvunwa kwa wingi Great Salt Lake, Marekani, na huanguliwa kwa takriban saa 24.

Hata hivyo, kushiba si kulishwa vyema. Vifaranga waliokula rotifa waliokuzwa kwa hamira pekee walijaa matumbo, lakini wengi walikufa. Watafiti wa Japani walibaini kwamba kilichopungua ni asidi za mafuta, hasa DHA, ambayo hujenga ubongo na macho, na ambayo samaki wengi wa baharini hawawezi kujitengenezea vya kutosha.

Ndipo likaja wazo la kulilisha windo kwanza. Artemia akishajichuna ngozi mara ya kwanza, saa chache baada ya kuanguliwa, huchuja na kumeza chembe yoyote ndogo. Mfugaji humtia katika maji yenye matone ya mafuta ya samaki, akawa kifuko cha kubebea lishe. Tatizo ni kwamba Artemia huitumia DHA hiyo mwenyewe. Asipoliwa mapema au kuwekwa kwenye baridi, gharama yote ni bure.

Pwani ya Kenya, Artemia waliingizwa miaka ya 1980 katika mashamba ya chumvi kaskazini mwa Malindi. Wafugaji wa mwatiko, lakini, kwa muda mrefu wametegemea vifaranga wanaokusanywa baharini. Bahari ikikataa kutoa, vidimbwi hukaa vitupu.