Kamera Haijui Kufumba Jicho

Miezi michache iliyopita alinijia ofisini kijana mmoja niliyepata kumfundisha fizikia. Siku hizi anaendesha kibanda cha picha katika sherehe za arusi hapa Dar es Salaam: kamera juu ya stendi, taa mbili, pazia la rangi, na televisheni ambamo wageni hujitazama kabla ya kupigwa picha. Alinionyesha picha za usiku mmoja. Katika zile za mwanzo, bwana na bibi arusi pamoja na jamaa zao walionekana vizuri. Kuanzia saa nne hivi, mstari mwembamba wa rangi ya zambarau ulikata kila picha kutoka juu hadi chini, na juu ya mstari huo palikuwa na doa jeupe. Mstari huo haukutoka tena. Kamera yenyewe aliinunua kwa mkopo ambao hajamaliza kuulipa.

“Mwalimu,” aliniuliza, “fundi wa taa alituhakikishia kwamba leza zake hazidhuru macho. Iweje basi ziue kamera?”

Swali hilo ni zuri, na sehemu kubwa ya jibu lake imo katika somo la lenzi linalofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Mwanga uendao kwa safu

Mwaka 1917 Albert Einstein alieleza kwamba atomu iliyokwisha kupewa nishati huweza kuchochewa na mwanga unaopita, nayo ikatoa mwanga wa namna ile ile. Wazo hilo lilikaa miaka mingi kabla ya kuzaa chombo. Tarehe 16 Mei 1960, huko California, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kwa kutumia fuwele ya rubi.

Mwanga wa balbu ni kama watu watokao sokoni: kila mmoja hushika njia yake. Mwanga wa leza ni kama askari wa gwaride, ambao huenda pamoja, kwa hatua moja na kuelekea upande mmoja. Kwa sababu hiyo mwali wa leza husafiri mbali huku ukitanuka kidogo sana, na ukipita katika lenzi hukusanyika mahali padogo mno.

Hesabu ya lenzi

Kila mtoto aliyewahi kuunguza karatasi kwa kioo cha kukuzia anajua kwamba lenzi hukusanya nuru ya jua katika fokasi. Tuchukue lenzi ya kamera yenye umbali wa fokasi wa milimita 50 na tundu lenye kipenyo cha milimita 25. Jua, tulionapo kutoka duniani, lina upana wa nusu digrii hivi. Kwa hiyo taswira yake katika fokasi huwa na kipenyo cha karibu milimita 0.47. Jua kali la mchana huleta wati 1,000 hivi kwa kila mita mraba, na tundu letu hupitisha karibu nusu wati.

Sasa tuchukue leza ya jukwaani ya wati 1. Tuseme mwali wake hutoka ukiwa na kipenyo cha milimita 5, nao hutanuka kwa milimita 1 katika kila mita ya safari. Ukifika kwenye kamera iliyo umbali wa mita 10, utakuwa na kipenyo cha milimita 15, nao wote utaingia katika tundu la lenzi. Lenzi itaukusanya katika doa lenye kipenyo cha milimita 0.05. Doa hilo ni dogo kuliko taswira ya jua mara 9 kwa kipenyo, na mara 86 kwa eneo. Zaidi ya hayo, wati zilizoingia ni mara mbili ya zile za jua. Hivyo kila sehemu ya doa hilo hupokea nguvu inayokaribia mara 170 ya ile ambayo jua lingeleta.

Kilichoungua ni nini?

Kamera za leo hazitumii filamu. Nyuma ya lenzi kuna bamba la silikoni liitwalo kihisio. Bamba lenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24 huweza kuwa na vipokeo milioni 24, viitwavyo pikseli, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 0.006. Doa letu la leza hufunika pikseli 50 hivi kwa mara moja. Pikseli hizo zikiungua, doa hubaki. Lakini pikseli husomwa kwa nyaya nyembamba zilizopangwa kwa safu. Waya ukidhurika, safu nzima hupotea. Hapo ndipo ulipotoka mstari wa zambarau.

Mbona macho ya wageni yalisalimika?

Kwanza, leza ya wati 1 si chombo salama kwa asili yake. Leza hugawanywa katika madaraja kuanzia 1 hadi 4, na yoyote inayotoa mwali wa kudumu uzidio wati 0.5 imo katika daraja la 4, ambalo huweza kudhuru jicho na ngozi. Fundi hupunguza hatari kwa kuuchezesha mwali upesi kwa vioo vidogo, usitue mahali pamoja. Pili, mboni ya jicho gizani hufunguka milimita 7 hivi, ilhali tundu la kamera yetu lina eneo la takriban mara 13 ya hilo. Tatu, mtu hufumba jicho au hugeuza uso kwa muda wa robo sekunde hivi. Kamera haifumbi. Isitoshe, mgeni hutembea huku na huku, bali kamera ya kibanda husimama palepale usiku kucha, kihisio chake kikiwa wazi ili televisheni ionyeshe taswira wakati wote.

Usalama wa jicho na usalama wa kamera si kitu kimoja. Mwezi Januari 2019, katika maonyesho ya CES jijini Las Vegas, mpiga picha mmoja aliona madoa na mistari katika kamera yake baada ya kupiga picha gari lenye kipima-umbali cha leza. Leza hiyo ilikuwa ya nanomita 1,550. Mwanga huo hauonekani, na maji ya jicho huumeza kabla haujafika kwenye retina. Lenzi ya kamera haina maji.

Hata hivyo asiwepo anayedhani kwamba macho hayana hatari. Mwezi Julai 2008, katika tamasha la usiku nchini Urusi, watu zaidi ya kumi waliumia retina baada ya leza kuelekezwa kwao.

Njia za kujikinga

1. Kibanda kiwekwe nyuma ya ukuta au katika chumba kingine, na lenzi isielekee jukwaa.
2. Fundi wa leza aelezwe mapema mahali kamera ilipo, aizuie miali isifike hapo.
3. Lenzi ifunikwe kifuniko chake wakati hakuna mgeni kibandani.
4. Kioo cheusi cha kupunguza mwanga kisitegemewe. Kikipunguza hadi sehemu moja ya nane, bado hubaki nguvu ya zaidi ya mara 20 ya jua.

Walimu wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: kwa lenzi yenye kipenyo cha sentimita 5 na umbali wa fokasi wa sentimita 20, watafute nuru ya jua hukusanywa mara ngapi. Kisha wathibitishe kwa karatasi, bila kulitazama jua kupitia lenzi. Leza isitumiwe kabisa katika jaribio hilo.

Yule kijana sasa hukiweka kibanda chake katika ujia, mbali na ukumbi wa dansi. Deni la kamera ya kwanza bado analilipa.