Udongo wa Majivu Chini ya Msitu wa Mlima

Udongo wa majivu ya volkeno ni mweusi, mwepesi na haukaukiwi na unyevu kwa urahisi. Makao yake ni miteremko ya milima iliyowahi kutapika moto na ambayo bado ina mvua na miti. Afrika Mashariki unaonekana Kilimanjaro, Meru, Rungwe na kwenye safu ya Virunga, pale Kongo, Rwanda na Uganda zinapopakana. Wataalamu huuita andosoli, jina lililotokana na maneno ya Kijapani, *an*, yaani weusi, na *do*, yaani udongo, kwa sababu ni Japani ulikochunguzwa kwa kina baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Duniani kote haufiki hata asilimia 2 ya nchi kavu, lakini mahali ulipo watu wamesongamana, kama inavyoonekana Marangu, Tukuyu na Musanze.

Majivu haya si ya jikoni. Volkeno inapolipuka, gesi iliyonaswa ndani ya mwamba ulioyeyuka huupasua mwamba huo vipande vidogo, navyo hupoa upesi mno angani hata madini yake hayapati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Kinachoanguka ni chembe za kioo, pamoja na pumisi, yale mawe mepesi yenye vitundu yanayoelea majini. Mwamba mgumu kama itale huchukua muda mrefu sana kuoza. Chembe ya kioo huachia madini yake mara tu mvua inapoanza kuipitia, kwa kuwa ndani yake hakuna mpangilio wa kuyashikilia.

Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, unaonyesha wazi jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Ulilipuka kwa nguvu kubwa miaka ipatayo 4,000 iliyopita na kuifunika nchi ya jirani kwa pumisi. Leo, kwenye kingo za barabara zilizochongwa mlimani, tabaka la pumisi huonekana kama mstari wa rangi hafifu. Juu yake kumekwisha kuota udongo mweusi unaolimwa viazi na migomba, na chini yake hulala udongo mwingine mweusi, wa watu na miti ya zamani zaidi, uliozikwa ukiwa mzima.

Kioo kikishaoza, alumini na silika zilizotoka humo huungana na kufanya madini mapya, hasa alofani. Hii si kama ule mfinyanzi wa bondeni, ambao umbo lake ni vibapa vilivyolaliana. Alofani ni vijipira vyenye uwazi ndani, vidogo kiasi kwamba kipenyo cha kimoja ni kama sehemu 5 tu za milimita iliyogawanywa mara milioni. Kwa sababu ya udogo huo, uso wa gramu moja ya alofani ungekunjuliwa wote ungefunika mamia ya mita za mraba, na ni juu ya uso huo maji, mboji na mbolea hushikwa.

Tabia nyingine za udongo huu zinatokana na hapo. Vijipira hivyo hushikana kwa kulegea na kuacha nafasi nyingi kati yao. Debe la lita 20 la udongo wa kawaida wa shambani, ukiwa mkavu, lina uzito wa kilo 25 hivi, lakini la udongo wa majivu halifiki kilo 18, na ule wa juu kabisa msituni unaweza kuwa nusu ya hapo. Nafasi hizo hujaa maji, na mara nyingi zaidi ya nusu ya ujazo wa udongo ni maji matupu. Hata hivyo bonge la udongo huo likishikwa mkononi huonekana nyevu tu, wala halidondoshi tone. Likifikichwa kati ya kidole gumba na cha shahada, ghafla hulegea, huteleza kama sabuni na kutoa maji, kisha likiachwa hukaza tena. Wapimaji wa udongo hulitambua kwa alama hiyo kabla ya kufika maabara.

Msitu nao una sehemu yake katika kuutengeneza. Upande wa kusini wa Kilimanjaro, ukanda wa msitu wa mlimani huanzia karibu mita 1,800 hadi kupita mita 3,000, na mvua nyingi zaidi hunyesha karibu na mita 2,200, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hapo ndipo penye mikulo mirefu na mipodo, matawi yamevikwa kuvumwani na kangaga zinazonasa ukungu hata siku isiyo na mvua. Majani huanguka mfululizo, lakini kwa baridi ile huoza polepole. Mboji inayopatikana hukamatwa na alumini iliyotoka kwenye majivu, na vijidudu vya udongoni hushindwa kuimaliza. Weusi wa udongo huu ni mboji hiyo iliyowekwa akiba kwa karne nyingi, na ndiyo sababu hekta moja yake huhifadhi kaboni nyingi kuliko hekta ya udongo wa aina nyingine nyingi.

Ni kosa, basi, kuyasifu majivu peke yake. Anayeshuka kwa gari kutoka lango la hifadhi la Marangu hadi njiapanda ya Himo anauacha udongo mweusi juu na kukuta mwekundu chini, ilhali mlima ni ule ule mmoja. Huko juu mvua isiyokoma huikokota silika na kuondoka nayo, kwa hiyo alofani hudumu. Huko chini kuna joto na kiangazi kirefu. Silika hubaki, madini hujipanga upya kuwa mfinyanzi wa kawaida, na chuma huupaka udongo wekundu wake. Serengeti ni mfano mkali zaidi. Nyanda zake za kusini mashariki zilifunikwa kwa majivu kutoka volkeno za nyanda za juu za Ngorongoro, yakiwemo ya Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, lakini mvua ni haba. Chokaa na chumvi hazikusombwa, zikaganda na kuwa sakafu ngumu chini kidogo ya uso wa ardhi. Mizizi ya miti haipenyi, ndiyo maana panaota nyasi fupi zenye madini mengi, na nyumbu huzifuata kila mwaka wanapokwenda kuzaa.

Kwa mkulima, udongo wa majivu ni laini kwa jembe, haufanyi madimbwi na hauzuii mizizi. Ugumu wake mkubwa ni fosforasi. Uso ule mpana wa alofani huinasa fosforasi na kuikatalia mimea. Moja ya vipimo vya kuutambua udongo huu ni kuona kama unashika zaidi ya asilimia 85 ya fosforasi iliyotiwa kwenye sampuli. Mbolea ya dukani ikimwagwa kiholela shambani, sehemu kubwa hupotelea humo kabla zao halijaonja. Dawa yake ni samadi na mboji kwa wingi, kwa kuwa asidi za vitu vilivyooza hukalia zile nafasi ambazo fosforasi ingenaswa, na mbolea kuwekwa karibu na shina au shimoni badala ya kutawanywa.

Wachagga walilifikia jibu hilo shambani muda mrefu kabla ya maabara. Kihamba, shamba la nyumbani la Kilimanjaro, hupangwa kama msitu mdogo: mringaringa juu, migomba katikati, kahawa chini yake, magimbi na maharage chini kabisa. Ng'ombe hufungwa zizini, hulishwa majani na magogo ya migomba, na samadi yake hurudishwa mashinani. Maji huletwa na mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka kwenye mito ya msituni. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Heshima hiyo ni haki yake, kwa sababu kihamba kinaendeleza kazi ile ile inayofanywa na msitu juu yake, yaani kivuli, majani yanayooza na ardhi isiyoachwa uchi.

Maji ya mifongo na ya mto Pangani yenyewe hutoka hasa kwenye ukanda wa msitu, si kwenye barafu ya kilele kama wengi wanavyodhani. Mvua huzama kwenye udongo mweusi, hushuka taratibu hadi kwenye mwamba wenye nyufa, na kutokea chini kama chemchemi. Mteremko ukikatwa miti na kulimwa bila makinga maji, udongo huohuo mwepesi huchukuliwa na mvua kubwa, na mahali palipo na tabaka la pumisi lililolowa chini yake unaweza kuporomoka kwa mkupuo.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kukauka. Udongo wa mfinyanzi ukikauka hupasuka, kisha mvua ikirudi hunywa maji na kufumba nyufa zake. Udongo wa alofani uliozoea unyevu wa kudumu hauna marejeo hayo. Vijipira vyake vikikauka kabisa hugandamana kuwa punje ngumu kama mchanga, na hata vikilowekwa tena havirudi kushika maji kama zamani. Ndiyo maana moto wa mlimani, kama ule ulioteketeza eneo kubwa la Kilimanjaro Oktoba 2020, hauishii kwenye miti. Msitu wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, lakini moto huupunguza kutoka juu, na kila msitu unaporudi nyuma huacha udongo wazi kwa jua na upepo. Mboji ya juu huungua, punje hukauka na kuwa vumbi jeusi, na mvua ya kwanza inaponyesha maji huteleza juu ya vumbi hilo na kulibeba hadi korongoni.