Usimwamuru mtoto acheke

"Angalia kwa anko! Cheka basi!" Wapiga picha wa familia tumeyazoea maneno hayo, na tunajua yatazaa nini: mtoto wa miaka mitatu kakaza shingo, meno yote nje, macho kayatoa kama anayesubiri sindano.

Sababu iko kwenye misuli. Mwaka 1862 daktari Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha kitabu chenye picha za watu aliowasisimua misuli ya uso kwa umeme. Alionyesha kuwa msuli unaovuta pembe za mdomo hutii amri, ila ule unaozunguka jicho, unaopandisha shavu na kukunja ngozi pembeni, kwa kawaida husubiri furaha yenyewe. Ukimwamuru mtoto acheke, unapata mdomo tu.

Basi kazi ni kumpa sababu ya kucheka, na wa kumpa ni mzazi, si mimi mgeni niliyeshika kamera. Mama amnong'oneze kuwa ng'ombe hulia nyau. Watoto wa umri huo hupenda mno kumsahihisha mkubwa. Wakiwa wengi, waanzishe Ukuti Ukuti: wakishashikana mikono na kuzunguka, kamera imesahaulika.

Ila usiridhike na kicheko chenyewe. Endelea kubonyeza hata kikiisha, maana hapo mtoto humgeukia mama kuona kama naye amecheka. Mtazamo huo haudumu, na ndio ninaoufuata kuliko meno yote duniani.

Ufundi hauna mengi. Piga magoti, lenzi ilingane na macho yake. Kwa anayekimbia, shata iwe 1/500 ya sekunde au kasi zaidi. Kwenye simu, piga mfululizo kisha chagua. Jua la saa sita mchana Dar es Salaam linapiga utosini na kutia kivuli machoni, palepale tunapoitafuta furaha, hivyo kaeni barazani au karibu na dirisha, au msubiri saa kumi na moja jioni. Siku ya Idi jihadhari na kanzu: weupe mwingi huidanganya kamera, ikapunguza mwanga na uso ukafifia. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga kidogo.

Na akigoma? Muacheni. Mtoto aliyenuna begani kwa bibi yake ni picha ya familia halali kabisa, na kwa maoni yangu inaishinda ile ya wote waliojipanga mstari wakitabasamu. Msimtishe, wala msimhonge pipi. Atatafuna katika kila picha.

Wazazi, siku ya picha mlisheni mtoto, mwacheni alale ashibe usingizi, kisha njooni mcheze naye kama mnavyocheza nyumbani. Habari ya kamera niachieni mimi.